Udaktari, Sheria au Uhasibu: Shahada Ipi Inakuachia Nafasi ya Kugeuka?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi ya vyuo vikuu likafunguliwa, kuna ushauri mmoja ambao mwanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) aliyefaulu vizuri hawezi kuukwepa: soma udaktari, ukichoka huko mbele utafanya kitu kingine chochote. Anausema baba mdogo, anausema mwalimu wa taaluma, anausema jirani ambaye mwanawe yuko mwaka wa tatu Muhimbili. Ndani yake kuna hoja mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza, daktari hakosi kazi. Ya pili, daktari anaweza kuhamia fani nyingine, ilhali mtu wa fani nyingine hawezi kuhamia udaktari. Zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una mipaka, na vijana wengi huigundua mipaka hiyo wakiwa wameshatumia miaka ambayo hairudi.

Hoja ya kwanza haihitaji maneno mengi. Mwaka 2017, baada ya mgomo mrefu wa madaktari nchini Kenya, serikali ya Tanzania ilikubali kuwapelekea majirani zetu madaktari 500. Nafasi zikatangazwa, kesi ikafunguliwa Kenya kuzuia mpango ule, na Rais Magufuli akaamua kuwaajiri hapa hapa nchini madaktari 258 waliokuwa wameshaomba na kukidhi vigezo. Wengi tulilipokea jambo lile kama habari njema, na kwa wale 258 ilikuwa njema kweli. Lakini lilituonyesha pia kwamba walikuwepo mamia ya madaktari wenye sifa, tayari kufunga begi kesho yake, wakati zahanati na vituo vya afya vya wilaya nyingi havikuwa na daktari hata mmoja. Ajira ya daktari haitokani na wingi wa wagonjwa. Inatokana na bajeti ya mishahara. Huko Kenya kwenyewe, mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya mambo yaliyobishaniwa zaidi lilikuwa malipo ya madaktari watarajali: makubaliano ya awali yaliwapa zaidi ya shilingi 200,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Kwa hiyo anayekwenda udaktari kwa kuamini kwamba ajira inamsubiri mlangoni, aende akijua kwamba huenda akasubiri yeye.

Hoja ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Ninapozungumzia nafasi ya kugeuka, siangalii urefu wa orodha ya kazi ambazo mwenye shahada fulani anaweza kuzifanya. Orodha ya namna hiyo inaweza kurefushwa kwa fani yoyote. Ninaangalia gharama. Ukitaka kugeuka ukiwa mwaka wa pili chuoni, utapoteza nini? Ukigeuka ukiwa na miaka 28, utaanzia wapi? Ukihama nchi ukiwa na 35, nani ataitambua karatasi yako? Maswali hayo matatu yana majibu tofauti kabisa kwa kila fani. Mtu anaweza kuwa na shahada inayogeuka kirahisi akiwa na miaka 35 na akawa amebanwa kabisa akiwa na 22.

Tuiweke mezani hesabu ya miaka. Shahada ya udaktari wa tiba hapa kwetu ni miaka mitano. Baada yake kuna mwaka mmoja wa utarajali, unapozungushwa kwenye tiba ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, na bila huo Baraza la Madaktari Tanganyika halikupi usajili kamili. Anayetaka ubingwa anaongeza miaka mitatu au minne, na siku hizi wapo wanaosonga mbele hadi ubingwa bobezi. Aliyeingia chuo na miaka 20 anapata leseni akiwa na 26, kama hakurudia mwaka na kama hakukaa nyumbani akisubiri kupangiwa hospitali ya utarajali. Akiongeza kusubiri ajira, kufanya kazi kidogo na kutafuta ufadhili, anakuwa bingwa akiwa na 33 au 34. Mwenzake wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyesoma uhandisi anamaliza baada ya miaka minne, anapitia miaka mitatu ya mafunzo ya kazini chini ya mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kabla ya kufika 30 anaweza kuwa mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. Aliyesoma uhasibu amemaliza mapema zaidi, anajisomea cheti cha uhasibu cha CPA jioni baada ya kazi, na mshahara unaingia.

Sasa mchukue mwanafunzi wa udaktari aliyefika mwaka wa tatu. Ameshaingia wodini. Amesimama nyuma ya kundi kwenye raundi ya asubuhi, ameulizwa dalili za moyo kushindwa kufanya kazi mbele ya mgonjwa anayemtazama usoni, ameona mtoto akifariki saa nne asubuhi na wote wakahamia kitanda kinachofuata. Akagundua kwamba kazi hii si yake. Masomo anayamudu, hana sapu wala hajafeli somo hata moja, ila kila Jumatatu anaamka na uzito kifuani. Akiondoka leo, ana nini mkononi? Ana anatomia, fiziolojia na baiokemia, ambazo hazimpunguzii hata muhula mmoja akienda kusoma uchumi au sheria, kwa sababu uhamisho wa alama kati ya vyuo hufanyika kwa programu zinazofanana. Ana deni la Bodi ya Mikopo kwa miaka aliyokwisha kusoma, na siku atakapoajiriwa kwa kazi yoyote ile atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kulilipa kila mwezi. Na ana ukoo mzima unaomwita dokta tangu siku jina lake lilipotoka.

Hapo ndipo udaktari unapobana kuliko fani zote. Mwanafunzi wa biashara aliyechoka mwaka wa pili anaweza kuhamia masoko, utawala au ugavi, na masomo yake mengi ya mwanzo yakahesabiwa. Mhandisi wa umeme anaweza kusogea kwenye mawasiliano au kompyuta. Mwanafunzi wa udaktari akitoka nje ya sekta ya afya anaanza upya.

Kwa aliye katika hali hiyo, ushauri wangu unategemea mwaka aliopo, na nausema bila kuzunguka. Ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, na una hakika kwamba tatizo ni kazi yenyewe wala si ugeni wa chuo au somo moja gumu, ondoka mapema. Miaka miwili ni hasara, lakini ni hasara inayobebeka. Ukiwa mwaka wa nne au wa tano, maliza, kisha fanya na utarajali. Wapo wanaopokea shahada na kukimbia moja kwa moja, wakidhani karatasi ya chuo inatosha. Haitoshi. Shahada ya udaktari bila utarajali haina leseni nyuma yake, na mwajiri anayetafuta daktari kwa kazi isiyo ya wodini anauliza leseni kwanza. Mwaka ule mmoja mgumu ndio unaoigeuza miaka mitano kuwa kitu unachoweza kukirudia hata ukiwa na miaka 40. Mwaka wa tatu ndio mgumu kuuamulia. Hapo usiamue peke yako wala usiamue wakati wa mitihani. Zungumza na mshauri wa wanafunzi, zungumza na daktari ambaye si ndugu yako, na uulize chuo kwa maandishi ni programu zipi za afya zinaweza kukupokea na masomo gani yatahesabiwa.

Baada ya leseni, picha inabadilika, na hapa wale akina baba mdogo wana hoja. Daktari mwenye miaka mitatu minne ya kazi ana pa kwenda: uongozi wa afya wilayani na mkoani, ufundishaji, utafiti katika taasisi kama NIMR au Taasisi ya Afya Ifakara, udhibiti wa dawa, miradi ya afya ya jamii, bima. Ninamfahamu mmoja aliyefanya kazi wodi ya watoto katika hospitali ya mkoa, na sasa anakagua madai ya bima. Stethoskopu hana, mezani ana skrini mbili. Kwenye moja kuna dai la mtoto wa miaka minne aliyelazwa kwa nimonia. Anaangalia kama dozi ya seftriaksoni inaendana na uzito ulioandikwa, kwa nini kipimo cha malaria kimefanyika mara mbili siku moja, kwa nini kuna malipo ya eksirei wakati faili halina majibu yake. Mhasibu angeona jumla imelingana akapitisha. Yeye anaona kwamba mtoto wa kilo 15 ameandikiwa dozi ya mtu mzima, na hapo kuna mambo mawili tu: ama mwandishi amekosea, ama dawa haikumfikia mtoto. Aliniambia anacholipwa pale ni zile zamu za usiku alizokesha wodini. Bila hizo angekuwa karani wa fomu.

Hilo ndilo ambalo ushauri wa mtaani huliruka. Shahada ya udaktari inageuka vizuri ikiwa imefanyiwa kazi. Tazama watu wanaotajwa kila mara kama mfano. Dkt. Faustine Ndugulile alikuwa daktari kabla ya kuwa mbunge wa Kigamboni na waziri, na Agosti 2024 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, akafariki Novemba mwaka huo kabla ya kuanza kazi. Aliyechaguliwa baada yake, Mei 2025, ni Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Rais wa Zanzibar, Dkt. Hussein Mwinyi, naye ni daktari. Hakuna kati yao aliyesoma udaktari kama njia ya kupita kwenda kwingine. Walikuwa madaktari kwanza.

Halafu angalia tena orodha ile ya kazi. Bima ya afya, utafiti wa afya, dawa, wizara ya afya, mashirika ya afya. Vyumba ni vingi, lakini nyumba ni moja. Na nyumba hiyo ikitikisika, vyumba vyote vinatikisika: mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi mingi ya UKIMWI katika Afrika Mashariki ilikwama, na madaktari, wauguzi na wataalamu wa takwimu waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo walijikuta nje kwa pamoja. Daktari aliyekuwa ameacha leseni yake ilale wakati akifanya kazi za mradi alipata shida zaidi ya yule aliyekuwa akifanya zamu mbili kwa mwezi hospitali binafsi, akihudhuria mafunzo endelevu na kulipia leseni kila mwaka.

Kuhusu sheria, nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya marafiki zangu. Shahada ya sheria inasifiwa kwamba inakwenda popote, na ni kweli wanasheria wapo benki, kwenye rasilimali watu, bungeni, kwenye mashirika ya haki, kwenye ununuzi wa umma. Lakini njia kuu ya fani yenyewe ina mlango mwembamba sana. Kuwa wakili wa Tanzania Bara, baada ya miaka minne ya chuo, unapaswa kupita Shule ya Sheria kwa Vitendo. Mwaka 2022 taifa zima lilishtuka matokeo yake yalipojulikana: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala wa nani alaumiwe, vyuo, shule au wanafunzi, uliendelea kwa miezi. Kwa mzazi anayelipa ada, ujumbe ni kwamba gharama ya sheria haiishii kwenye mahafali, na kwamba mwenye shahada ya sheria (LLB) asiyekuwa wakili anashindana na watu wa fani nyingine kwa kazi zisizohitaji wakili.

Sheria pia haisafiri vizuri. Ugonjwa wa kisukari ni ule ule Mbeya na Mombasa. Sheria ya ardhi sivyo. Hata kuvuka bahari kwenda Zanzibar unakuta mahakama zenye mfumo wake na orodha yake ya mawakili. Anayependa sheria asome sheria, kwa sababu jamii isiyo na mawakili wazuri inaumia. Ila aisome kwa kuipenda sheria, na aingie Shule ya Sheria mapema, kabla kumbukumbu za chuo hazijapoa na kabla familia haijaanza kumtegemea.

Uhasibu uko upande wa pili kabisa. Karibu kila taasisi inahitaji mhasibu: hospitali, msikiti wenye mradi, kampuni ya mabasi, chama cha msingi cha korosho kule Mtwara. Mhasibu anayeona kazi yake ya sasa haina mbele anaweza kuhama sekta bila kuhama fani, na hiyo ni nafasi ya kugeuka ambayo daktari hana. Cheti cha CPA kinachotolewa na bodi ya wahasibu, NBAA, hakikulazimishi kuacha kazi ili usome, na hata aliyesoma shahada nyingine anaweza kuingia kwenye mitihani hiyo akianzia ngazi za chini.

Lakini uwanja ulio wazi kwa wengi una wengi ndani yake. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi 135,027. Sehemu kubwa ya umati kama huo ni watu wenye shahada zinazoitwa za kugeuka: biashara, uhasibu, uchumi, utawala, sheria. Shahada inayokubalika kila mahali inakukutanisha na kila mtu. Kwa hiyo mwenye shahada ya uhasibu bila CPA asijione yuko salama kwa sababu tu fani yake inatumika kila mahali. CPA ndiyo inayomtoa kwenye foleni, na wakati mzuri wa kuanza mitihani ni mwaka ule ule wa kumaliza chuo, mazoea ya kusoma yakiwa bado mwilini. Ninawaona wengi wanaosema wataanza wakitulia. Ukishakuwa na kazi, ndoa na mtoto wa miezi sita, kutulia kunakuwa neno tu.

Kwenye uhandisi sitakaa sana hapa. Ni fani inayofundisha hesabu kwa ukali, na hesabu inanunulika: wapo wahandisi wanaosimamia mifumo ya benki na wanaofanya kazi za takwimu ambazo hawakuzisomea moja kwa moja. Tahadhari yangu ni moja. Ajira za wahandisi hufuata miradi. Reli ya SGR na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 viliajiri kwa wingi wakati wa ujenzi, na ujenzi una mwisho. Mhandisi ahakikishe mradi wa kwanza anaoupata unamwachia usajili, maana barua ya mkandarasi pekee haitambeba kwenye mradi wa pili.

Nirudi kwenye afya, kwa sababu huko ndiko kuna njia ambayo wazazi wengi hawaiangalii. Kama unachotaka ni sekta ya afya pamoja na nafasi ya kugeuka, iangalie famasia kabla ya udaktari. Ni miaka minne na mwaka wa utarajali. Mfamasia anaweza kukaa hospitali, kiwandani, TMDA akikagua dawa, MSD akisimamia ugavi, kampuni ya dawa akiwa mshauri wa bidhaa, au kufungua famasi yake mwenyewe. Kila famasi inahitaji mfamasia aliyesajiliwa wa kuisimamia, na hilo linampa uhuru wa kujiajiri ambao daktari kijana hana, kwani kuanzisha hata zahanati ndogo kunataka jengo, vifaa na wafanyakazi. Kwa msichana anayejua atataka kupanga mwenyewe saa zake za kazi wakati wa kulea, ningependa ayapime hayo kwa makini, na mvulana vilevile.

Kuna pia ngazi ya stashahada, na hii nawaandikia hasa wazazi wasio na akiba ya kumbeba kijana miaka sita bila kipato. Tabibu, muuguzi au mteknolojia wa maabara wa ngazi ya stashahada anasoma miaka mitatu, anapata leseni, anaweza kufanya kazi, kisha akarudi kusoma shahada, na kwa tabibu hata ya udaktari, akiwa na sifa zinazotakiwa. Ni njia ndefu zaidi kwa ujumla wake. Faida yake ni kwamba katika kila hatua ukisimama, umesimama na kitu. Nimewaona vijana wa familia za kawaida waliodisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) udaktari mwaka wa pili wakarudi nyumbani mikono mitupu, na nimewaona matabibu waliokwenda kusoma udaktari wakiwa na miaka 28, wakajua tayari mgonjwa ni nani, na wakamaliza bila kutetereka. Aibu ya kwenda chuo cha kati baada ya kidato cha sita ni ya wiki chache. Mnaowashauri watoto, msiwatie aibu hiyo.

Suala la kuhama nchi linastahili ukweli wake pia, maana vijana wengi wanachagua fani ya afya huku jicho liko Uingereza au Ghuba. Leseni ya hapa haifanyi kazi kule moja kwa moja. Kwa Uingereza, njia iliyozoeleka kwa daktari ni mtihani wa PLAB wenye sehemu mbili, pamoja na mtihani wa Kiingereza. Kwa Marekani kuna mitihani ya USMLE, halafu mafunzo ya ubingwa yanayoanzia miaka mitatu na kufika saba kwa upasuaji wa ubongo, mara nyingi hata kama hapa ulishakuwa bingwa. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 55 ambazo WHO, mwaka 2023, ilizitaja kuwa na upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza inazuia mawakala kwenda kuajiri katika nchi hizo. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe, lakini wakala anayekuja mtaani kwako na fomu na kuomba malipo ya usajili, mwogope. Kenya ilitia saini makubaliano yake ya ajira za afya na Uingereza mwaka 2021, kwa hiyo hadithi ya muuguzi wa Nairobi si lazima iwe hadithi yako. Kwa Ghuba, karatasi bila uzoefu wa wodini haiendi mbali, ndiyo sababu nawaambia wauguzi wapya wasikimbilie pasipoti kabla ya kupata miaka miwili ya kazi nzuri na barua za kuithibitisha.

Ndani ya Afrika Mashariki mambo ni mepesi kidogo. Vyama vya wahasibu vya Jumuiya vilikubaliana kutambuana mwaka 2011, na bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zikafuata 2012. Mhasibu wa Arusha anayetaka kazi Kigali ana mahali pa kuanzia. Kwenye vibali vya kazi na ada bado kuna usumbufu, lakini msingi upo.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, fanya kazi ndogo ambayo haihitaji fedha nyingi. Tafuta watu wawili katika fani unayoifikiria: mmoja aliyemaliza mwaka jana au juzi, na mmoja aliyemaliza miaka kumi iliyopita. Yule wa kwanza atakuambia mlango ukoje leo. Yule wa pili atakuambia wenzake waliosoma naye wako wapi sasa, na hilo ndilo swali la maana: wangapi bado wako kwenye fani, walioondoka walikwenda wapi, na walianza kwa mshahara gani. Usimwulize kama anaipenda kazi yake, maana atakujibu kwa adabu. Mwulize siku yake ya jana ilikuwaje, kuanzia alipoamka. Kama ni udaktari unaoufikiria, omba ruhusa kupitia mtu unayemfahamu ukae kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika hospitali ya wilaya kwa siku mbili tatu, kuanzia saa moja asubuhi. Hutaona upasuaji. Utaona foleni, vilio, mafaili yaliyopotea, na daktari mmoja anayewaona watu sitini kwa siku akijitahidi kumsikiliza kila mmoja. Ukitamani kukaa kwenye kiti kile, nenda, na miaka sita utaivumilia. Ukitamani kusimamia namna foleni ile inavyoendeshwa, dawa zinavyofika au bili zinavyolipwa, hizo ni fani nyingine, na zina njia fupi zaidi ya kuzifikia.

Wazazi nao wana sehemu yao. Anayemlipia mtoto ada ana haki ya kusema, lakini anayekesha wodini ni mtoto. Mpe mwanao majina matatu ya programu anazoweza kuzipanga mwenyewe kwa utaratibu wake, na ukubali kwamba ya kwanza huenda isiwe ile uliyoitamani. Mwanafunzi akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) humtaka athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwa simu au barua pepe, na siku za kuthibitisha huwa chache. Uamuzi mkubwa kuliko yote mwaka huo hufanyika hapo, mara nyingi ndani ya familia yenye haraka na simu moja inayopita mikononi mwa watu watano. Simu hiyo mwachieni kijana kwa jioni nzima, apige kwa wale watu wawili aliowatafuta, ndipo aingize namba.